Oakland ilivyoziba pengo la Giambi kwa bei ya mafungu

NI nadra kampuni kupoteza mali zake tatu za thamani kubwa ndani ya majuma machache, kisha mwaka unaofuata ikazalisha zaidi ya ilivyozalisha ilipokuwa nazo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Oakland Athletics, klabu ya besiboli ya jimbo la California nchini Marekani, kati ya mwisho wa msimu wa 2001 na mwisho wa msimu wa 2002.

Msimu wa 2001 klabu hiyo ilishinda mechi 102 kati ya 162. Ikaingia hatua ya mtoano, ikawatangulia New York Yankees kwa mechi mbili kwa bila, kisha ikapoteza tatu mfululizo na kufungasha virago. Kipigo hicho kiliuma, lakini kilichofuata kiliuma zaidi, kwa kuwa mikataba ya wachezaji watatu ilikuwa imekwisha na kila mmoja alikuwa huru kwenda anakotaka.

Wa kwanza kuondoka alikuwa mpigaji mkuu, Jason Giambi, Mchezaji Bora wa American League wa mwaka 2000. Alichukuliwa na Yankees haohao kwa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola za Marekani milioni 120. Johnny Damon alikwenda Boston Red Sox kwa miaka minne na dola milioni 31. Mrushaji Jason Isringhausen, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia mwishoni na kulinda ushindi, alichukuliwa na St. Louis Cardinals kwa miaka minne na dola milioni 27.

Ukijumlisha, watu watatu walipewa ahadi ya dola milioni 178. Bajeti nzima ya mishahara ya Oakland kwa mwaka 2002 ilikuwa karibu dola milioni 40, wakati Yankees walikuwa na takriban dola milioni 126. Oakland walikuwa wamejaribu kumbakisha Giambi mapema mwaka huo kwa ofa ya takriban dola milioni 90, mazungumzo yakakwama, na kufikia Desemba hapakuwa tena na ubishi kuhusu nani mwenye kisu kikali.

Klabu hiyo haikuwa maskini siku zote. Chini ya familia ya Haas, iliyovumilia hasara kwa sababu ya mapenzi ya mchezo na ya mji, Oakland iliwahi mwaka 1991 kuwa klabu inayolipa mishahara mikubwa kuliko zote katika ligi. Mwaka 1995 ikauzwa kwa wafanyabiashara wawili, Steve Schott na Ken Hofmann, ambao walitaka vitabu vya hesabu visomeke vizuri. Tangu hapo meneja mkuu wa klabu, iwe ni Sandy Alderson au mrithi wake Billy Beane aliyeshika kiti hicho mwishoni mwa 1997, alijua kwamba fedha hazitaongezeka na kwamba hakuna atakayempa pole kwa hilo.

Mtaji wa nafasi 27

Ili kuelewa alichokifanya Beane majira yale ya baridi, msomaji asiyeufahamu mchezo huu anahitaji mambo machache tu. Timu moja inarusha mpira, nyingine inapiga kwa rungu. Mpigaji akifanikiwa hukimbia kuelekea kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akirudi alikoanzia timu yake inapata pointi. Timu inaendelea kupiga mpaka wapigaji wake watatu watolewe, ndipo zamu hugeuka. Zamu ni tisa. Kwa hiyo katika mechi ya kawaida kila timu ina watu 27 wa kutolewa, basi. Zikiisha hizo 27, duka limefungwa.

Mchezo huu hauna saa ya kumaliza mechi. Huwezi kupoteza muda, huwezi kulinda goli hadi filimbi ya mwisho. Kinachopungua ni zile nafasi 27, na huo ndio mtaji. Mchezaji anayezitumia vibaya anakula mtaji; anayefika kituo cha kwanza bila kutolewa, hata kwa njia isiyopendeza macho, ameuhifadhi.

Njia isiyopendeza ni hii: mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Hatumii nguvu, anatembea. Kwa karibu karne nzima vitabu vya takwimu vilimsifu aliyepiga mpira na kufika, na vilimpuuza aliyesimama akasubiri makosa ya mwenzake, kana kwamba kusubiri si kazi. Bei za wachezaji zilifuata sifa hizo.

Mtu aliyelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi ni Bill James wa jimbo la Kansas, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akichapisha vijitabu vya mahesabu ya besiboli. Vilisomwa sana na mashabiki na havikusomwa na viongozi wa klabu. Oakland walikuwa wa mwanzo kuvichukua kama mwongozo wa manunuzi. Alderson alianza, Beane akafuata. Beane alimwajiri Paul DePodesta, kijana aliyesoma uchumi Chuo Kikuu cha Harvard, akampa kompyuta na kiti karibu na chake. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lilipewa sauti katika kikao cha usajili, jambo ambalo wasaka vipaji wakongwe wa klabu hawakulifurahia hata kidogo.

Beane mwenyewe alikuwa na sababu ya kutoyaamini macho ya wasaka vipaji. Mwaka 1980 New York Mets walimchagua akiwa kijana wa shule ya sekondari, mrefu, mwenye mbio na umbo la kuchora, wakampa dola 125,000 za kusaini. Kila aliyemtazama aliona nyota. Miaka kumi baadaye alikuwa hajafika popote, akaomba kazi ya kusaka vipaji vya wengine.

Giambi akatwa vipande

Swali ambalo klabu nyingi zingejiuliza Desemba 2001 ni hili: tutampata wapi Giambi mwingine? Jibu lilikuwa rahisi, kwamba hayupo, na kama yupo bei yake ni ileile. Msimu wa 2001 Giambi alifika kituo kwa kiwango cha .477, yaani karibu mara 48 katika kila safari 100 za kupiga. Hakuna aliyemfikia katika American League.

Oakland waliuliza swali jingine. Walitazama nafasi tatu za wapigaji zilizokuwa zinabadilika: ya Giambi, ya Damon, na ya Olmedo Saenz aliyekuwa akipiga bila kucheza ulinzi. Damon alikuwa na .324 na Saenz .291. Wastani wa hao watatu pamoja ulikuwa .364. Basi kazi haikuwa tena kumtafuta mtu wa .477 ambaye dunia nzima inamtaka. Ilikuwa kutafuta watu watatu wa.364, ambao wamejaa sokoni na wengine hawana wateja.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa sokoni angeitambua hesabu hiyo mara moja. Asiyeweza kununua gunia hununua kwa mafungu, na akichagua vizuri fungu lenye doa ambalo wengine wameliruka, anaweza kupata chakula kilekile. La msingi ni kujua doa liko wapi, kama liko kwenye ganda au limeingia ndani.

Fungu la kwanza lilikuwa Scott Hatteberg. Alikuwa mdakaji wa Boston, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kurudisha mpira, na kiwiko chake kilikuwa kimeharibika mshipa wa fahamu. Hata baada ya upasuaji hakuweza tena kurusha kama mdakaji anavyotakiwa. Boston walimpeleka Colorado, na Colorado wakamwacha bila mkataba siku chache baadaye. Kwa soko, alikuwa mdakaji asiyeweza kudaka. Kwa Oakland, alikuwa mpigaji mwenye subira ya ajabu ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amefundishwa kazi isiyo yake. Wakampa mkataba wa mwaka mmoja wa chini ya dola milioni 1 na kumwambia atacheza kituo cha kwanza, nafasi ya Giambi, ambayo hakuwahi kuifanya kazi kwenye ligi kuu. Kocha Ron Washington alipewa jukumu la kumfundisha.

Usilione hili kama jambo dogo. Mchezaji mwenye umri wa miaka 32, mwenye familia, ambaye ustadi wake wa miaka yote umefutwa na jeraha, anapewa nafasi ya mtu aliyeuzwa kwa dola milioni 120 mbele ya mashabiki wenye hasira. Akikosea, atakayelaumiwa si kompyuta.

Fungu la pili lilikuwa David Justice, nyota wa zamani aliyekuwa anakaribia miaka 36. Yankees walimpeleka Mets, na wiki moja baadaye Mets wakampeleka Oakland kwa kubadilishana na warushaji Mark Guthrie na Tyler Yates. Miguu ya Justice ilikuwa imechoka na nguvu za mikono zilikuwa zinapungua. Hata hivyo, mahesabu ya klabu yalionyesha kwamba jicho la mpigaji huzeeka polepole kuliko mkono wake, na Oakland walikuwa wakinunua jicho.

Wa tatu alikuwa tayari yuko nyumbani, Jeremy Giambi, mdogo wake Jason, mzito wa mbio na dhaifu wa ulinzi lakini hodari wa kupewa vituo vya bure. Huyu hakudumu. Oakland walianza msimu vibaya, hadi mwishoni mwa Mei wakiwa na vipigo vingi kuliko ushindi, na Beane akamtupa Philadelphia kwa kubadilishana na John Mabry. Kwa mahesabu yaleyale ambayo klabu inasifiwa nayo, Jeremy alikuwa mpigaji bora kuliko Mabry. Meneja aliyekuwa akihubiri daftari alifunga daftari siku hiyo, na timu ikaanza kushinda. Wanaopenda kusimulia habari hii kama ushindi wa kompyuta huwa wanaipita sehemu hiyo haraka.

Kazi ya kufunga mechi

Nafasi ya Isringhausen ilikuwa biashara ya aina nyingine kabisa, na pengine ndiyo yenye mafunzo mengi kwa mtu wa masoko. Mrushaji wa kufunga mechi huingia zamu ya mwisho timu yake ikiwa mbele kidogo. Akiilinda, anaandikiwa kwamba ameokoa mechi. Idadi ya mechi alizookoa ndiyo inayompandishia bei, ingawa mrushaji mwingine yeyote mzuri akipewa zamu hiyohiyo ataokoa nyingi vilevile. Oakland waliona kwamba cheo hiki kina thamani sokoni kuliko uwanjani. Basi wakawa wanakitengeneza na kukiuza.

Isringhausen mwenyewe walimpata kutoka Mets mwaka 1999 kwa kumtoa mkongwe Billy Taylor, wakamkabidhi kazi hiyo, akaokoa mechi 34 mwaka 2001, na bei yake ikapaa. Walipompoteza hawakulia. Desemba 2001 walimchukua Billy Koch kutoka Toronto Blue Jays kwa kuwatoa vijana wawili, Eric Hinske na Justin Miller. Koch aliokoa mechi 44 mwaka 2002. Desemba ya mwaka huo huo, akiwa na jina kubwa kuliko wakati wowote, alipelekwa Chicago White Sox katika mabadilishano yaliyomleta Keith Foulke. Koch hakurudia tena kiwango kile. Foulke aliokoa mechi 43 mwaka 2003, kisha naye akaenda Boston kama mchezaji huru.

Lakini haya hayakuja bila gharama, na gharama iliyo wazi zaidi inaitwa Hinske. Mwaka wake wa kwanza Toronto, 2002, alipiga mipira 24 nje ya uzio na kutangazwa Mchezaji Bora Mpya wa American League. Januari 2002 pia walitoa vijana wanne kwa Texas Rangers, Mario Ramos, Gerald Laird, Ryan Ludwick na Jason Hart, wakapewa Carlos Peña na mrushaji Mike Venafro. Peña ndiye aliyetazamiwa kuwa mrithi halisi wa Giambi. Alianza kwa kishindo Aprili, akazimika Mei, akarudishwa timu za chini, na Julai akapelekwa Detroit katika biashara ya klabu tatu iliyowapatia Oakland mrushaji Ted Lilly kutoka Yankees. Miaka mitano baadaye, mwaka 2007, Peña alipiga mipira 46 nje ya uzio akiwa Tampa Bay. Mwaka uliofuata Ludwick, mmoja wa wale vijana wanne, alipiga 37 akiwa St. Louis. Mti ulizaa, ila ulikuwa umeshahamia shamba la jirani.

Matokeo

Oakland walimaliza msimu wa 2002 wakiwa na ushindi 103, mmoja zaidi ya mwaka uliotangulia. Yankees, pamoja na Giambi wao aliyepiga mipira 41 nje ya uzio, walishinda 103 vilevile. Ukigawanya bajeti kwa ushindi, Oakland walitumia chini ya dola 400,000 kwa kila mechi waliyoshinda, Yankees zaidi ya dola milioni 1.2.

Kati ya Agosti 13 na Septemba 4 Oakland walishinda mechi 20 mfululizo, rekodi ya American League hadi Cleveland walipofikisha 22 mwaka 2017. Mechi ya 20, dhidi ya Kansas City Royals, ilikaribia kuwaaibisha: waliongoza 11-0 wakaachia hadi ikawa 11-11. Zamu ya mwisho akaingizwa Hatteberg, yule mdakaji asiyeweza kudaka, akaupeleka mpira nje ya uzio na mechi ikaisha 12-11. Kwa msimu mzima kiwango chake cha kufika kituo kilikuwa .374 na cha Justice .376. Walihitaji .364.

Shamba ndilo lililolisha nyumba

Habari hii ilipata umaarufu duniani mwaka 2003 Michael Lewis alipoiandika katika kitabu chake Moneyball, na tena mwaka 2011 filamu ilipotoka Brad Pitt akicheza kama Beane. Vyote viwili vinasisimua, na vyote vinaweka uzito mahali pasipostahili. Mafungu ya Desemba yaliziba pengo. Hayakujenga nyumba.

Nyumba ilisimama juu ya vijana watatu warushaji. Msimu wa 2002 Barry Zito alishinda mechi 23 na kupoteza tano, akatwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Mark Mulder alishinda 19, Tim Hudson 15. Jumla ni ushindi 57, zaidi ya nusu ya ushindi wote wa klabu. Nyuma yao alisimama Miguel Tejada, raia wa Jamhuri ya Dominika, aliyetwaa uchezaji bora wa American League mwaka huo kwa mipira 34 nje ya uzio.

Hawa hawakununuliwa sokoni kwa jicho la ajabu. Walilelewa. Wamarekani wana neno ambalo msomaji wa kurasa hizi atalipenda: mtandao wa timu za chini ambamo klabu hukuza vijana wake huitwa shamba. Ni utaratibu ulioasisiwa na Branch Rickey wa St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920, baada ya kuona kwamba klabu yake haina fedha za kushindana na matajiri kwenye mnada wa wachezaji waliokwishaiva. Shamba la juu la Oakland mwaka 2002 lilikuwa Sacramento River Cats, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka Oakland. Hudson alichaguliwa mwaka 1997, Mulder 1998, Zito 1999, wote katika uteuzi wa kila mwaka ambapo wakati huo klabu zilichagua chipukizi kwa zamu, dhaifu akitangulia.

Na kilichowafanya wawe rahisi ni kanuni. Mchezaji wa ligi kuu hawi huru hadi atimize miaka sita ya utumishi. Kwa takriban miaka mitatu ya mwanzo klabu humlipa inavyotaka, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2002 kilikuwa dola 200,000. Kuanzia hapo hadi mwaka wa sita anaweza kwenda kwa msuluhishi kudai nyongeza. Zito, Mulder na Hudson kila mmoja alilipwa chini ya dola milioni 1 mwaka ule. Katika soko huria wangegharimu bajeti nzima ya klabu, na chenji isirudi. Ni haki kuuliza kama sifa za meneja hazikuwa pia jasho la vijana wasio na ruhusa ya kuuza kazi yao kwa bei ya soko.

Kanuni nyingine iliwasaidia kulipanda shamba upya. Klabu iliyompoteza mchezaji huru wa daraja la juu ilikuwa inafidiwa kwa zamu za ziada katika uteuzi wa chipukizi, nyingine zikinyang'anywa klabu iliyomchukua. Kwa kuwapoteza Giambi, Damon na Isringhausen, Oakland waliingia kwenye uteuzi wa Juni 2002 wakiwa na zamu saba za mwanzo badala ya moja. Zamu ya Boston, malipo ya Damon, waliitumia kumchukua Nick Swisher. Ile ya Yankees, malipo ya Giambi, ikamleta mrushaji Joe Blanton. Hao wawili waliitumikia ligi kuu kwa miaka mingi, na Mark Teahen aliyechaguliwa wa 39 naye alifika, ingawa aliishia Kansas City. Jeremy Brown, mdakaji mnene ambaye wasaka vipaji walimcheka na kompyuta ikampenda, alicheza mechi tano tu za ligi kuu. John McCurdy, Ben Fritz na Stephen Obenchain hawakufika kabisa. Mbegu saba, miche minne, miwili ya kutegemewa. Kwa kilimo hicho ni mavuno mazuri.

Kuuza kabla ya saa

Shamba lina tatizo moja: miaka sita hufika. Tejada aliondoka mwishoni mwa 2003 kwenda Baltimore kwa dola milioni 72 za miaka sita. Mwaka uliofuata Beane hakusubiri tena. Desemba 2004, ndani ya juma moja, aliwatoa Hudson na Mulder wakati bado wana thamani, Hudson akienda Atlanta na Mulder St. Louis. Mashabiki wa Oakland walishtuka.

Ukiziangalia biashara hizo mbili kwa umbali wa miaka, moja ilikuwa mbovu na nyingine nzuri mno. Kwa Hudson walipata wachezaji watatu ambao hawakuwafaa kitu cha maana, naye akaendelea kushinda mechi Atlanta kwa miaka mingi. Kwa Mulder walipata warushaji Dan Haren na Kiko Calero pamoja na chipukizi Daric Barton. Mulder alikuwa na msimu mmoja mzuri, kisha bega likamwangusha. Haren aliwatumikia Oakland misimu mitatu kwa kiwango cha juu na kwa mshahara mdogo, na Desemba 2007 akabadilishwa tena, safari hii kwa vijana sita wa Arizona.

Zito peke yake aliachwa akae hadi saa yake ilipotimia. Mwishoni mwa 2006 alivuka ghuba na kusaini San Francisco Giants kwa miaka saba na dola milioni 126, mkataba mkubwa kuliko wowote aliowahi kupewa mrushaji hadi wakati huo. Katika miaka hiyo saba alishinda mechi 63 na kupoteza 80.

Majirani walipoamka

Mbinu ya Oakland ilikuwa na adui mmoja, nayo ni kujulikana. Novemba 2002 Boston walimtaka Beane mwenyewe kwa dola milioni 12.5 za miaka mitano. Alikubali, kisha akabadili mawazo na kubaki. Boston wakampa kazi Theo Epstein, kijana wa miaka 28, na kumwajiri Bill James kuwa mshauri. Mwaka 2004 wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1918, na aliyerusha mpira wa mwisho wa fainali ile alikuwa Foulke. Mapema mwaka huohuo DePodesta aliondoka Oakland kuwa meneja mkuu wa Los Angeles Dodgers.

Wachumi wawili, Jahn Hakes na Raymond Sauer, walipima soko hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Waligundua kwamba mwanzoni mwa muongo ule uwezo wa kufika kituo kwa kweli ulikuwa ukilipwa chini ya mchango wake katika ushindi, na kwamba kufikia 2004, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, punguzo hilo lilikuwa limetoweka. Klabu tajiri zilikuwa zimejifunza kusoma daftari lilelile, na zenyewe zilikuwa na fedha.

Oakland walifika mtoano kila mwaka kuanzia 2000 hadi 2003, na kila mwaka walitolewa hatua ya kwanza katika mechi ya tano. Walivuka hatua hiyo mwaka 2006, wakakwama iliyofuata. Kuanzia 2007 hadi 2011 hawakumaliza msimu hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Ubingwa wao wa mwisho ni ule wa 1989, kabla ya Beane kukaa kiti cha meneja.

Mwaka 2009 Giambi alirudi Oakland kwa mkataba wa mwaka mmoja, akiwa na miaka 38, na Agosti klabu ikamwachia aende. Yenyewe ilicheza mechi yake ya mwisho katika mji wa Oakland Septemba 26, 2024. Ikisubiri uwanja mpya Las Vegas, ambao umepangwa kuwa tayari 2028, tangu 2025 imekuwa ikicheza mechi zake za nyumbani West Sacramento, kwenye uwanja mdogo wa River Cats, lile lililokuwa shamba lake.